Talaka Mbele ya Kipaza Sauti

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya, najua. Msomaji mmoja wa Somanga ameniandikia kwamba siku saba hakulala vizuri, na mama mmoja wa Kilwa Kivinje ameapa kuwa nikimchezea tena namna ile, gazeti hili atafungia vitumbua. Haya, msinilaani. Turudini ghalani tukaone.

Lilikuwa ghala la ufuta mjini Lindi, kuta zake zimetundikwa magodoro ya kuazima ili sauti isigonge na kurudi. Joto humo ndani si la kusimulia. Mbele ya kipaza sauti walisimama mume na mke: Salumu, aliyekuwa mnadi wa samaki pale sokoni, na Mwahija wake wa Kilwa. Nyuma ya mashine ya kunasia sauti alikaa Bwana Leonadi, mtu wa redio kutoka Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyewaahidi kazi ya mwaka mzima huko Dar ya kuigiza michezo ya redio, iwapo mchezo huu mmoja ungetoka sawasawa.

Katika mchezo huo, mume mkorofi anamwacha mkewe aitwaye Zubeda. Mara nane Salumu aliyatamka maneno ya kuacha, na mara nane Leonadi akatikisa kichwa. Mara ya tisa Salumu alifumba macho, akavuta pumzi, na badala ya Zubeda akatamka:

"Mwahija, nimekuacha! Talaka tatu!"

Ndipo nilipowaacha. Sasa sikilizeni.

Utepe uliendelea kuzunguka. Leonadi alingoja kidogo, akazima mashine, kisha akaruka kutoka kitini.

"Hiyo! Hiyo ndiyo ninayoitafuta tangu Jumatatu! Bwana Salumu, umenisimamisha nywele!"

Salumu alikuwa ameshamgeukia mkewe.

Mwahija alikuwa bado ameishika karatasi yake mbali na kifua, isije ikachakarisha. Zamu yake ya kusema ilikuwa imefika. Karatasini Zubeda alitakiwa aangue kilio. Mwahija hakulia.

"Umetaja jina langu," alisema.

"Mwahija, mimi nili—"

"Sikukuuliza. Nakuambia tu. Umetaja jina langu."

Leonadi akacheka. "Ah, hilo tu? Hilo si neno, dada. Jina tutalikata kwa mkasi. Utepe huu unakatika na unaungika, wala msikilizaji hatajua."

"Utakata utepe," Mwahija akamwambia. "Na masikio yangu utayakata?"

Leonadi akamtazama huyu, akamtazama yule. Msimlaumu sana. Yeye alikulia misheni huko juu kwenye nyanda za Wamakonde, ndoa yake ya kanisani, na mkewe hajawahi kuachwa hata kwa ndoto.

"Lakini ulikuwa mchezo!" alisema.

Mchezo! Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kila mtoto wa chuo cha Kurani katika pwani hii anajua kwamba kuna mambo matatu hayana mzaha: kuoa, kuacha, na kumrejea uliyemwacha. Ukiyatamka kwa kucheka, yamekuwa. Na talaka tatu kwa mpigo, mabwana, si kitu cha kurejeana kesho yake kwa kilo ya sukari. Mke haolewi tena na mume huyo mpaka kwanza aolewe na mwanamume mwingine, akae naye, na huyo naye amwache.

Salumu alilijua hilo. Akamsogelea mkewe.

"Mke wangu, ulimi umeteleza," alisema. "Mungu ananiona."

Mwahija aliweka karatasi chini taratibu, akavuta buibui lake na kujifunika vizuri, kama mtu aliyekutana na mgeni njiani.

"Naenda kwa Shangazi Siti," alisema. "Usinifuate. Kama bado ni mkeo, nitarudi nyumbani kwangu. Kama si mkeo, basi hata hapa tuliposimama hatukuwa na ruhusa ya kusimama."

Akatoka. Mlango wa ghala ukabaki wazi, na jua likaingia mpaka kwenye magodoro.

Salumu alimrukia Leonadi. "Futa! Futa utepe huo sasa hivi!"

"Nifute?" Leonadi aliikumbatia mashine kama mama aliyeona fisi. "Bwana, nimezunguka Songea, Masasi, mpaka Mikindani. Hakuna mtu aliyenipa sauti kama hii. Kesho adhuhuri naondoka na ndege, na utepe unaondoka nami."

"Utatangazia nchi nzima kwamba nimemwacha mke wangu?"

"Nimesema jina nitalikata. Na sikiliza, Bwana Salumu. Hata ikiwa mkeo atakataa kuendelea, wewe nitakuchukua. Wewe peke yako. Saini hapa."

Akatoa karatasi ya mkataba kutoka mkobani. Salumu aliitazama. Miezi kumi alikuwa akiiota karatasi ile. Miezi kumi ya kunywa maji ya tangawizi alfajiri, na kujifunza kutopiga kelele. Sauti yake ya sokoni ilikuwa ikikivunja kipaza sauti, ndipo mkewe akamshika mkono na kumwambia, "Usiseme na umati, sema na mtu mmoja aliyekaa karibu." Mwahija ndiye mwenye kipaji, na hilo hakuna asiyelijua. Yeye akiigiza bibi kizee, hata meno unamwona hana. Lakini babake wa Kilwa alimpa ruhusa kwa sharti moja tu: asiingie ndani ya ghala lile ila ubavuni mwa mumewe.

Basi ikiwa hana mume, kazi nayo hana. Kwa neno moja Salumu alikuwa amemnyang'anya vyote viwili.

"Saini, Bwana," Leonadi alimhimiza.

Salumu aliisukuma karatasi, akatoka mbio.

Alifika mtaa wa Mtanda kanzu imemganda mgongoni. Mlangoni alikuta kigoda, na juu ya kigoda amekaa Shangazi Siti, upana wake na upana wa mlango ni mmoja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Shikamoo yako iweke mfukoni. Mimi ni shangazi ya nani sasa? Ya mke wako? Una mke?"

"Shangazi, nisikilize—"

"Nimesikiliza vya kutosha. Mtoto kanieleza. Salumu, wewe! Nimekutetea mimi! Babake alisema, 'Simpi mwanangu mtu anayeuza samaki kwa makelele,' nikasema mpe, ana moyo mzuri. Kumbe moyo mzuri, mdomo mbovu!"

"Ulikuwa mchezo wa redio, Shangazi."

"Basi kamwoe redio."

Salumu akapiga magoti mchangani, watu wanapita, wanatazama. Hakujali. "Niruhusu niseme naye neno moja."

"Neno moja ndilo lililomleta hapa!"

Kutoka ndani ikasikika sauti ya Mwahija, tulivu. "Shangazi, mwambie kesho saa mbili asubuhi aje kwa Sheikh Bakary. Atakalosema Sheikh, nitalishika. Akisema mimi ni mkewe, nitaondoka naye hapohapo. Akisema siye, asinione tena."

"Umesikia?" Shangazi Siti akauliza.

Salumu alisikia. Akaenda nyumbani, akakaa chumbani na sufuria ya wali wa jana ambayo mkewe aliiacha imefunikwa. Hakuweza kuigusa.

Asubuhi, saa mbili kasoro, alikuwa tayari kwenye kibaraza cha Sheikh Bakary. Msifikiri huyu ni sheikh wa ndevu nyeupe mpaka kitovuni. Sheikh Bakary alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye jino bovu lililompa hasira za bure, na kazi yake ilikuwa cherehani. Akisomesha vijana jioni, mchana anashona kanzu. Kesi alizisikiliza mguu ukiwa kwenye kanyagio.

"Assalamu alaykum, Sheikh."

"Wa alaykumu salaam. Kaa. Wenyewe wameshafika." Akaonyesha kwa mkasi pazia la kupimia nguo kwenye kona. Chini ya pazia Salumu aliona jozi mbili za miguu. Moja ilikuwa na hina kwenye vidole, na aliijua. Ile hina ilipakwa kwa ajili ya safari ya Dar es Salaam.

Salumu akaeleza habari ya mchezo, kipaza sauti, na maneno aliyoyatamka. Sheikh alisikiliza huku akishona pindo.

"Sasa nisikilize," alisema Sheikh, na cherehani ikanyamaza. "Mtu akisoma maneno ya mtu mwingine, hakuacha. Ingekuwa kusoma ni kuacha, sisi walimu tunaosomesha mlango wa talaka tungekuwa tumeshawaacha wake zetu mara elfu. Kwa hiyo nina swali moja. Kwenye karatasi uliyosomea, jina la mkeo liliandikwa?"

Salumu alifungua mdomo. Kabla hajasema, kivuli kiliingia kibarazani.

"Liliandikwa, Sheikh!"

Alikuwa Leonadi, suti imekunjamana, anahema. Mkononi alikuwa na karatasi ya mchezo. "Samahani kuingilia, mji mzima unasema kesi iko hapa. Mimi ndiye msimamizi. Karatasi yake ya mara ya tisa ni hii, si ile aliyoshika mkewe; tazama mwenyewe. 'Mwahija, nimekuacha.' Alisoma nilichomwandikia. Kosa ni langu."

Moyo wa Salumu ulipiga kelele. Jana karatasi ile ilisema Zubeda. Alijua, na Leonadi alijua kwamba anajua. Wakatazamana. Mgeni yule alikuwa amekesha na dhamira yake, akaamua kuiokoa nyumba ya mwenzake kwa ncha ya penseli.

Sema, Salumu! Sema kuwa si kweli!

Hakusema.

Sheikh alivaa miwani, akasoma. "Alhamdulillahi," alisema. "Basi jambo limekwisha. Alisoma."

Nyuma ya pazia Shangazi Siti alipiga kigelegele kimoja kifupi kabla hajakumbuka kwamba amenuna. Salumu alihisi machozi yanamtoka. Akainuka nusu, tayari kumchukua mkewe.

"Hebu kaa kwanza," Sheikh akamwambia.

Alikuwa ameiinua karatasi kuelekea dirishani. Akaigeuza. Akapitisha kidole juu ya mstari mmoja, akarudia.

"Bwana wa redio, maneno yote haya yamepigwa chapa kwa mashine. Mbona jina hili peke yake limeandikwa kwa mkono? Na hapa chini karatasi imesuguliwa mpaka imekuwa nyembamba."

Leonadi akaisukuma penseli ndani zaidi ya mfuko.

"Mimi ni fundi cherehani," Sheikh akaendelea. "Kiraka nakijua hata kikishonwa kwa uzi wa rangi ileile."

"Nilitaka kusaidia," Leonadi akasema kwa unyonge. "Nilidhani ni karatasi tu inayotakiwa."

"Umetaka kusaidia watu wawili waishi katika haramu bila kujua." Sheikh alimgeukia Salumu, na sasa jino lilikuwa likimuuma kwelikweli. "Na wewe ulikaa kimya. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Sheikh."

"Kwa hiyo jina ulilitia wewe."

"Mimi, Sheikh."

Nyuma ya pazia ile miguu yenye hina ilirudi nyuma hatua moja.

Leonadi alitaka kuondoka, akakosa pa kupitia. Salumu alishika miguu ya cherehani. "Sheikh, nakuomba kwa Mungu. Hakuna mlango mwingine? Hata wa uani?"

Sheikh alisugua shavu upande wa jino bovu.

"Upo mmoja," alisema mwishowe. "Ulimi huteleza. Mtu anamwita mkewe mara hamsini kwa siku, basi ulimi unaweza kukimbilia jina ulilolizoea, moyo haumo. Hilo lina udhuru. Lakini yaliyomo moyoni mwako nani anayajua? Wewe na Mola wako. Kwa hiyo utaapa."

Akaenda ndani, akatia udhu, akarudi na msahafu umefungwa kitambaa cha kijani. "Nawe katie udhu. Kisha uweke mkono hapa, useme kwamba jina lilikuponyoka na kwamba hukumkusudia mkeo. Ukiapa, mchukue, nenda naye popote. Ukiapa uongo, Salumu, ujue kila utakapomgusa ni zinaa, na mzigo ni wako."

Salumu alikwenda kwenye mtungi. Maji yalimpita vidoleni. Na hapo, wasomaji wangu, sina budi kuwaambia jambo ambalo wiki iliyopita niliwaficha.

Baina ya mara ya nane na ya tisa, Mwahija alicheka. Hakucheka kwa ubaya, maana alikuwa amechoka, na joto lile. Alimwambia mumewe mbele ya Leonadi, "Mume wangu, hapo bado unanadi kolekole sokoni." Leonadi akacheka mpaka akafuta macho, kisha akasema, "Basi mwambie mtu uliyemkasirikia kweli."

Na Salumu alimpata. Hakuwa na haja ya kumtafuta mbali. Alikuwa amesimama ubavuni pake, anayejua zaidi yake, anayemsahihisha kila siku tangu alfajiri, sasa anamcheka mbele ya mgeni. Ile hasira ilimpanda kama maziwa jikoni. Aliona nyumba yake haina mtu wa kumsahihisha, akaona raha. Ndipo akatamka. Na lililomtisha kuliko yote ni kwamba, maneno yalipotoka, alijua ameigiza vizuri.

Ulimi haukuteleza. Ulimi ulikwenda ulikotumwa.

Akarudi kibarazani. Akauweka mkono juu ya msahafu.

Aseme kweli, ampoteze? Au aape, ampate? Hina ile bado aliiona chini ya pazia. Akakumbuka sufuria ya wali aliyoiacha nyumbani. Mtu aliyekaribia kuzama hashiki mwiba kwa kupenda.

Akaapa.

Na aliapaje! Hakupaza sauti. Alisema na mtu mmoja, Sheikh Bakary, kama hakuna mwingine duniani. "Wallahi, Sheikh..." akatua, kama mtu anayeogopa jina alilolitaja. "Jina lilinitoka tu. Mwahija simwachi. Nitamwacha niende wapi?" Neno la mwisho likatetemeka kidogo, likakatika.

Leonadi akageuka ukutani na kutoa leso. Sheikh mwenyewe alisahau jino lake. Macho yalikuwa yamelowa.

"Inatosha, mwanangu," alisema kwa upole. "Toa mkono. Nimekubali. Mchukue—"

"Sheikh, usimalize."

Ilikuwa sauti ya Mwahija.

"Binti?"

"Usimalize, Sheikh. Hiyo siyo sauti yake."

Shangazi Siti alisikika akimnong'oneza, "Nyamaza wewe! Umepewa mumeo, nyamaza!" Lakini Mwahija hakunyamaza.

"Kule kutua baada ya kiapo nilimfundisha mimi, mwezi wa Rajabu. Tulikaa siku tatu na kituo hicho, alikuwa anawahi mno. Na kutetemesha neno la mwisho ni mimi. Nilimwambia lisitetemeke lote, litetemeke mwishoni tu. Leo amepatia. Lakini, Sheikh, mimi kwa haramu siendi Dar es Salaam."

Sheikh Bakary aliutoa msahafu chini ya kiganja cha Salumu. Aliutoa taratibu, kama anayemnyang'anya mgonjwa kisu.

"Salumu," alisema. "Nitazame. Sema kama unavyosema dukani ukitaka chumvi. Wakati ule unatamka, ulitaka mkeo aondoke?"

Salumu alitazama pazia. Alitafuta sauti, na zote alizokuwa nazo zilikuwa za kufundishwa. Iliyotoka mwishowe ilikuwa nyembamba, ya puani, sauti ya mtu yeyote.

"Pumzi moja, Sheikh," alisema. "Pumzi moja tu. Nilitaka."

Leonadi alikuwa ameshika leso na hajui aiweke wapi. Nje mtu alipita akiuliza kama kanzu yake iko tayari, hakujibiwa, akaenda zake. Sheikh Bakary aliufunga msahafu katika kitambaa chake cha kijani na kuubusu, na bado hakuwa ametamka hukumu.

Hakuhitaji. Nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo hakuna aliyemfundisha, Mwahija aliuliza:

"Sheikh, eda yangu ya kuachwa niihesabu tangu leo, au tangu jana?"